Twende Tanzania Lini? Majira, Maneno na Ziara za Wanafunzi Wetu

Kila mwaka, muhula wa kwanza unapokaribia kwisha, wanafunzi wetu huanza kutuuliza swali lile lile: "Mwalimu, ziara ya Tanzania ni mwezi gani?" Kwa muda mrefu swali hili tulilijibu kwa kutazama mambo mawili tu, yaani kalenda ya chuo na kiasi cha fedha kilichopatikana. Hali ya hewa hatukuifikiria sana. Tulidhani kwamba, kwa kuwa Tanzania ni jirani yetu na iko karibu na ikweta kama Uganda, mwezi unaofaa hapa Kampala utafaa na huko. Dhana hiyo ilitugharimu.

Mwezi wa Aprili 2018 tuliongoza kikundi cha wanafunzi kwenda Dar es Salaam, Bagamoyo na Zanzibar kwa siku kumi na mbili. Tulichagua Aprili kwa sababu nyumba za wageni zilikuwa rahisi na palikuwa na nafasi katika ratiba. Kutoka Kampala hadi Dar es Salaam kwa basi, kupitia Nairobi na Arusha, ni zaidi ya kilomita 1,500. Tulifika tumechoka lakini tuna furaha. Siku ya tatu mvua ikaanza kunyesha kwa namna ambayo wengi wetu hatukuwahi kuiona. Barabara ya Morogoro ilifungwa pale Jangwani, mitaa ikajaa maji, na safari yetu ya Bagamoyo ikaahirishwa mara mbili. Mmoja wa wanafunzi alikuwa amekuja kukusanya msamiati wa uvuvi kwa ajili ya tasnifu yake. Mzazi wake alikuwa ameuza mbuzi wawili ili mtoto apate nauli. Siku tano alikaa kwenye nyumba ya wageni akitazama maji yakipita mlangoni.

Mama lishe aliyetuuzia chai na chapati alitutazama kwa huruma akauliza, "Wanangu, nani aliyewaleta masika?" Yule mwanafunzi akatugeukia akasema, "Mwalimu, kumbe masika ndiyo haya?" Darasani tulikuwa tumemfundisha neno hilo tangu mwaka wa kwanza. Alilijua kwa tahajia, kwa ngeli na kwa tafsiri. Alichokuwa hajui ni kwamba neno lenyewe lingemwambia asisafiri.

Kisa hiki ndicho kilichotusukuma kuandika makala haya. Nia yetu ni kueleza jinsi majira ya Tanzania yanavyopangika, na kuonyesha kwamba majina ya majira katika Kiswahili, yakifundishwa kwa maana zake halisi, ni mwongozo mzuri wa msafiri.

Kosa la majina manne

Katika vitabu vingi vya kufundishia Kiswahili kama lugha ya pili, mwanafunzi hukuta orodha ya majira manne: masika, kiangazi, vuli na kipupwe. Kando yake hupewa majina manne ya majira ya Ulaya, moja kwa moja, kana kwamba pwani ya Afrika Mashariki nayo ina theluji na miti inayopukutisha majani kwa pamoja. Kwa mpango huo masika huwa majira ya maua kuchanua, vuli huwa majira ya majani kuanguka, na kipupwe huwa majira ya theluji. Mfasiri anayefasiri riwaya ya Kirusi anaweza kulazimika kufanya hivyo, wala hatumlaumu. Lakini mwalimu anayeishia hapo humwacha mwanafunzi gizani.

Kwa watu wa pwani, ambao ndio waliotupa maneno haya, maana zake ni hizi. Masika ni mvua kubwa za kuanzia Machi hadi Mei. Kipupwe ni majira ya baridi na ukavu yanayofuata masika, yaani Juni hadi Agosti, ingawa mvua ndogo za mchoo zinaweza kunyesha katikati yake. Vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo ni chache kuliko masika. Kiangazi ni kipindi cha joto kali na jua kati ya vuli na masika, hasa Januari na Februari. Ikumbukwe pia kwamba katika mazungumzo ya kila siku Watanzania wengi wa bara hutumia neno kiangazi kwa maana ya kipindi chochote kisicho na mvua. Kwa hiyo mtu wa Dodoma akikuambia "njoo kiangazi", muulize anakusudia mwezi gani. Huenda anasema Julai, wakati ambapo mwenzake wa Unguja angesema Januari.

Kwetu Uganda jambo hili si geni. Waganda wana "ttoggo", mvua za Machi hadi Mei, na "ddumbi", mvua za kuelekea mwisho wa mwaka. Mwezi wa Novemba kwa Kiganda huitwa Musenene, kwa sababu ndio mwezi wa senene. Ukivuka mpaka pale Mutukula ukaenda Bukoba, utawakuta Wahaya nao wakiwangoja senene hao hao kwa jina hilo hilo. Kila jamii huyapa majira majina kutokana na yale inayoyaona na kuyala. Hakuna sababu ya kumfundisha Mganda neno vuli kwa kupitia majani ya Ulaya wakati ana ddumbi nyumbani kwao.

Nchi moja, mvua za namna mbili

Tanzania imeenea kutoka karibu digrii 1 hadi karibu digrii 12 kusini mwa ikweta. Umbali huo ndio unaoleta tofauti. Mvua za ukanda wa tropiki hufuata jua. Jua linapokuwa utosini mwa sehemu fulani, hewa hupashwa moto, hupanda juu, na pepo zenye unyevu kutoka pande mbili za dunia hukutana hapo na kufanya mawingu. Ukanda huu wa mawingu hulifuata jua likielekea kusini na likirudi kaskazini, ila huchelewa nyuma yake kwa majuma kadhaa.

Kaskazini mwa Tanzania ukanda huo hupita mara mbili. Hupita ukishuka kuelekea kusini kati ya Oktoba na Desemba, ndipo tunapata vuli. Hupita tena ukipanda kuelekea kaskazini kati ya Machi na Mei, ndipo tunapata masika. Maeneo yanayopata mvua mara mbili ni pamoja na pwani ya kaskazini, yaani Tanga, Dar es Salaam, Unguja na Pemba, mikoa ya Arusha na Kilimanjaro, na mikoa inayozunguka Ziwa Victoria.

Kusini hali ni nyingine. Huko ukanda hufika, hukaa, kisha hugeuka. Kati ya kufika na kuondoka hapapatikani nafasi ya kutosha ya ukavu, hivyo mvua zote mbili huungana na kuwa kipindi kimoja kirefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huziita mvua hizi "mvua za msimu". Ndizo mvua za Dodoma, Singida, Tabora, Iringa, Njombe, Mbeya, Rukwa, Ruvuma, Lindi, Mtwara na sehemu kubwa ya Kigoma. Baada ya Mei, mikoa hiyo hukaa miezi mitano au zaidi bila mvua ya maana.

Mwanafunzi wetu anayetoka Karamoja ataelewa upesi, maana hata hapa kwetu Karamoja ina kipindi kimoja cha mvua wakati Kampala ina viwili. Tofauti ni kwamba mvua za Karamoja hunyesha takriban Aprili hadi Septemba, kwa sababu iko kaskazini mwa ikweta, na za Songea hunyesha Desemba hadi Aprili. Wakati Mkaramoja anapalilia, Mngoni wa Songea amekwisha kuvuna.

Hapa pana funzo kubwa kwa msafiri. Mtu akisema "Januari ni kiangazi Tanzania", amesema kweli kwa Zanzibar na Arusha, lakini amempotosha anayekwenda Mbeya, ambako Januari ni katikati ya mvua. Akisema "Novemba kuna mvua", amesema kweli kwa Bukoba, lakini mkulima wa Dodoma huenda bado anatazama juu akingoja wingu la kwanza.

Kiasi cha mvua nacho hutofautiana sana. Bukoba, ambako upepo hutoka ziwani ukiwa umebeba unyevu, hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Dar es Salaam hupata karibu milimita 1,100. Dodoma, iliyo bara mbali na bahari, haifikii kwa kawaida hata milimita 600. Kwa hiyo miji mitatu ya nchi moja inaweza kuwa na Aprili tatu zisizofanana.

Pepo mbili na bahari

Msafiri wa bara anaweza kutosheka na habari za mvua. Anayevuka kwenda Zanzibar, Pemba au Mafia ni lazima aulize pia habari za upepo. Pwani yetu inatawaliwa na pepo mbili. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki na huvuma takriban Desemba hadi Machi. Kusi hutoka upande wa kusini na huvuma takriban Aprili hadi Septemba au Oktoba. Katikati ya pepo hizo kuna kipindi kisicho na uamuzi, ambacho mabaharia walikiita tanga mbili, na pia kuna demani, wakati kusi inapolegea kabla ya kaskazi kuanza.

Kwa karne nyingi biashara ya Bahari ya Hindi iliendeshwa kwa kalenda hii. Majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi. Mfanyabiashara aliyechelewa kuondoka alilazimika kukaa miezi akingoja upepo ubadilike, akafanya urafiki, akaoa, akajifunza lugha. Neno lenyewe msimu limetokana na neno la Kiarabu "mawsim", lenye maana ya wakati maalumu. Tena tazameni majina ya pande za dunia: kaskazini na kusini yametokana na majina ya pepo kaskazi na kusi. Mswahili aliujua upepo kwanza, kisha akaupa upande jina lake. Mwanafunzi anayeijua habari hii hawezi tena kuchanganya kusini na kaskazini.

Sasa, kwa msafiri, jambo hili lina uzito wake. Kipupwe ni wakati mzuri nchi kavu: mvua zimekwisha, barabara zimekauka, hewa ni ya kupendeza. Lakini ndicho kipindi ambacho kusi huwa na nguvu, na bahari kati ya Dar es Salaam na Unguja, na zaidi kati ya Unguja na Pemba, huchafuka. Meli ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012, siku yenye upepo mkali, na watu wengi wakapoteza maisha. Hatusemi haya ili kuwatia hofu wanafunzi. Boti husafiri kila siku na maelfu ya watu huvuka salama. Tunasema ili anayepanga ratiba asipange kuvuka siku ile ile anayopaswa kupanda basi la kurudi. Aache siku moja ya akiba, na mamlaka zikizuia vyombo kuondoka asinung'unike.

Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliikaribia pwani ya Tanzania, jambo ambalo si la kawaida katika nchi iliyo karibu hivyo na ikweta. Vyombo vya baharini vilisimamishwa, na barabara kuu ya kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga. Mwezi uliotangulia, mafuriko ya masika yalikuwa yamekwisha kuua zaidi ya watu 150 katika sehemu mbalimbali za nchi. Kikundi ambacho kingekuwa njiani kwenda kuona magofu ya Kilwa Kisiwani juma lile kingekwama.

Baridi ambayo hatukuitegemea

Jambo jingine linalowashangaza wanafunzi wetu ni baridi. Wengi hufungasha nguo nyepesi wakiamini kwamba Tanzania yote ni joto la Dar es Salaam. Kweli, Dar es Salaam mwezi wa Januari na Februari joto la mchana hufikia nyuzi 32 za Selsiasi, na unyevu wa bahari hulifanya lionekane kubwa zaidi. Mtu aliyezoea Kampala, iliyo juu kwa karibu mita 1,200, huchoka haraka. Lakini hata Dar es Salaam mwezi wa Julai usiku huhitaji shuka.

Mwinuko hubadilisha kila kitu. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Julai asubuhi watu hutembea na makoti. Mbeya iko karibu mita 1,700, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Huko Njombe na Makete baridi ni kali zaidi, na katika nyanda za Kitulo umande huweza kuganda usiku. Nyanda hizo zilizo juu ya mita 2,500, na ambazo zimekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, wenyeji huziita Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua yake. Lakini maua hayo huchanua wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili. Anayekwenda Julai kwa sababu barabara ni kavu atakuta majani na ukungu. Kwa hiyo si kila mvua ni adui wa msafiri. Inategemea anakwenda kutafuta nini.

Wapi, lini

Baada ya maelezo hayo, tunaweza sasa kupendekeza nyakati kwa kila eneo ambalo vikundi vyetu huenda au vingependa kwenda.

1. Bukoba na Mwanza. Juni hadi Agosti ndio wakati mkavu zaidi. Kwa kuwa ni karibu na kwetu na hali yake inafanana na yetu, ziara fupi inawezekana hata Januari na Februari. Aprili iepukwe, hasa Bukoba.

2. Arusha, Moshi na mbuga za kaskazini. Januari na Februari, au Juni hadi Oktoba. Wapandao Mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895, huchagua vipindi hivyo hivyo. Serengeti haina mwezi mmoja bora: nyumbu huzaa kwenye nyanda za kusini mwa mbuga karibu na Februari, na huvuka Mto Mara upande wa kaskazini takriban Julai hadi Oktoba.

3. Dar es Salaam, Bagamoyo na Tanga. Juni hadi Septemba. Tanga, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, ni mji ambao kila mwanafunzi wa fasihi angependa kuuona, na kipupwe humwezesha kutembea kwa miguu bila kuungua na jua.

4. Unguja na Pemba. Kwa bahari tulivu, Januari na Februari, wakati wa kaskazi, ingawa joto ni kali. Septemba, wakati wa demani, ni nzuri pia. Juni na Julai ni nzuri kwa nchi kavu, ila bahari ina mawimbi.

5. Kilwa, Lindi na Mtwara. Juni hadi Oktoba. Wakati wa mvua safari ya barabara huwa na mashaka, na hata kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani kwa mashua huwa kugumu.

6. Dodoma, Iringa na Mbeya. Juni hadi Oktoba, na kila mtu awe na sweta. Kuelekea Oktoba Dodoma huwa na vumbi na jua kali.

Ratiba hii si amri. Mvua za vuli hasa hazitabiriki kwa urahisi kama masika. Miaka ambayo maji ya Bahari ya Hindi upande wetu huwa na joto kupita kawaida, vuli hugeuka kuwa mafuriko, kama ilivyokuwa 1997, 2019 na 2023. Mwezi wa Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliufunika mji mdogo wa Katesh. Miaka mingine vuli hukosekana kabisa. Ndiyo maana tunashauri kila mpanga ziara asome utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kabla ya vuli, masika na mvua za msimu kuanza, kisha ampigie simu mwenyeji wake juma moja kabla ya kuondoka. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu huyaona aliye chini yake.

Kalenda nyingine za kuzingatia

Hali ya hewa si kalenda pekee. Mwezi wa Ramadhani hufuata mwezi wa angani, hivyo hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka wa jua. Mwaka 2024 ulianza kati ya Machi 11 na 12, na mwaka 2025 ukaanza mwanzoni mwa Machi. Anayekwenda Zanzibar katika mwezi huo hana budi kujua kwamba mikahawa mingi hufungwa mchana, na kwamba kula hadharani ni kuwavunjia wenyeji heshima. Kwa upande mwingine, jioni za Ramadhani ni wakati mzuri sana wa kusikiliza mazungumzo, maana watu hukaa barazani hadi usiku mwingi.

Kalenda ya jua nayo ipo. Watu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, husherehekea Mwaka Kogwa mwezi wa Julai. Wanaume hupigana kwa migomba ili kumaliza kinyongo cha mwaka uliopita, na kibanda cha makuti huchomwa moto. Mwaka huo ni wa siku 365, nao ulihesabiwa kwa miongo, yaani makundi ya siku kumi kumi kuanzia Siku ya Mwaka. Kwa nini watu wenye kalenda ya Kiislamu walihifadhi pia mwaka wa jua? Kwa sababu mwaka wa mwezi hauwezi kumwambia mkulima siku ya kupanda wala nahodha siku ya kung'oa nanga. Ibada ilikuwa na kalenda yake, na mvua na pepo zilikuwa na yake.

Tarehe 7 Julai, ambayo kwa Watanzania ni Saba Saba, sasa pia ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021 na kuadhimishwa mara ya kwanza 2022. Mwezi wa Februari kwa kawaida kuna tamasha la muziki la Sauti za Busara, Zanzibar. Haya yote ni mavuno kwa mwanafunzi wa lugha. Ila ajue kwamba Julai na Agosti ni miezi ya watalii wengi, na bei za vyumba Zanzibar hupanda. Nafuu ya bei ya Aprili, ambayo ndiyo iliyotuvuta sisi mwaka 2018, ina sababu yake: wenyeji wanajua kwamba wakati huo mgeni hapati kitu.

Pendekezo letu kwa Idara

Tukiunganisha yote, tunapendekeza kwamba ziara kuu ya Idara iwe kati ya katikati ya Juni na katikati ya Julai. Mitihani ya muhula wa pili huwa imekwisha au inakaribia kwisha. Masika yamepita pwani, mvua za msimu zimekwisha kusini na kati, na Bukoba nako ni kukavu. Kikundi kikipitia Bukoba na Mwanza, kikateremka Dodoma, kikafika Dar es Salaam kwa Siku ya Kiswahili Duniani na kumalizia Unguja, kitakuwa kimekutana na mvua chache kuliko kwa mwezi mwingine wowote unaoruhusiwa na kalenda yetu. Kasoro iliyobaki ni kusi, na dawa yake ni ile siku moja ya akiba.

Kwa mwanafunzi ambaye utafiti wake unamhitaji awe huko wakati maalumu, asifuate kikundi, afuate mada yake. Anayekusanya msamiati wa kilimo cha mpunga atakwenda wakati mpunga uko shambani, hata kama atatota. Anayekusanya nyimbo za mavuno atauliza mavuno ni lini katika wilaya ile, si katika nchi nzima. Aandike katika pendekezo lake la utafiti sababu ya kuchagua mwezi huo, na msimamizi amwulize.

Na kwa walimu wenzetu, tunaomba jambo moja dogo. Tunapofundisha majina ya majira, tuweke ramani ya Afrika Mashariki ubaoni. Tuwaulize wanafunzi kwao mvua hunyesha lini na inaitwaje. Tuwaonyeshe mahali masika yanakoishia na mvua za msimu zinakoanzia. Tuache theluji kwa somo la tafsiri. Somo kama hilo huchukua saa moja tu.

Yule mwanafunzi wetu alirudi pwani mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba, kwa nauli aliyoichangiwa na ndugu zake. Wavuvi wa Bagamoyo walimpokea, bahari ilikuwa shwari, na alirudi na daftari mbili zilizojaa. Ukurasa wa kwanza wa daftari la kwanza aliandika orodha ya majina ya pepo, na mbele ya kila jina akaandika samaki wanaopatikana upepo huo unapovuma. Tasnifu ilikamilika mwaka mmoja baada ya wakati wake. Mwaka huo mmoja tulimpotezea sisi, kwa kutojua kusoma neno ambalo tulikuwa tukilifundisha.

Wahenga walisema, kawia ufike. Tunawatakia wote wanaojiandaa kwa ziara ijayo safari njema, yenye jua la kutosha.